Shule ni Skamu, Asema Mwenye Pikipiki

Kuna sauti moja ambayo wewe na mimi tunaijua. Ni ya kiume, haina shaka na kitu chochote, na huamka kila matokeo ya KCSE yanapotoka au vyuo vinapofanya mahafali. "Shule ni skamu. Mimi niliacha kidato cha pili, saa hii niko na pikipiki tatu. Wenye digrii ndio wananiomba nauli." Watu wanacheka, wanasambaza, wanaandika chini yake "ukweli mtupu, braza." Sijaona mtu akimuuliza swali moja dogo: ungekuwa msichana ukaacha kidato cha pili, hizo pikipiki ungezitoa wapi?

Nauliza kwa sababu mimi ni msichana, na mimi pia niliacha. Niliachia chuo kikuu, mwaka wa tatu, karo ilipozidi mfuko wa nyumbani. Sasa naishi kwa kuandika: leo maelezo ya bidhaa za duka la mtu, kesho hotuba ya harusi ya watu nisiowajua, keshokutwa kitu kama hiki. Watu hudhani basi lazima niko timu skamu. Siko. Wala siko timu "elimu ni ufunguo wa maisha", wale wanaokuja na fulana na kofia kuwapigia wasichana hotuba kisha wanarudi hotelini. Timu hizi mbili hutukanana lakini zinakubaliana jambo moja bila kujua, kwamba cheti ni kitu kilekile katika mkono wa yeyote. Mimi nakataa. Hapa Kisumu, na kando ya ziwa lote kutoka Port Victoria mpaka Muhuru Bay, cheti cha mwanaume ni nyongeza juu ya pesa ambayo angeipata hata hivyo. Cha mwanamke ni kiingilio. Bila hicho hata mlangoni hafiki.

Simama Kondele saa moja asubuhi uhesabu. Kijana wa kiume asiye na cheti chochote anaweza kuendesha boda au tuktuk. Anaweza kuwa makanga. Anaweza kwenda mjengo akabeba zege, baada ya miezi akajifunza kupanga matofali, baada ya miaka akawa fundi wa kuitwa. Anaweza kushika spana gereji, kuchomelea vyuma Kibuye, kupakia mizigo, kuvuta waya za intaneti, au kwenda ziwani usiku na wavuvi wa omena. Kazi hizi si tamu, na nyingine zinaua. Lakini ziko nyingi, na nyingi zina ngazi ya kupandia, na ngazi yenyewe hufundishwa kwa mkono: binamu anakuita, unamshikia tochi akifungua injini, siku moja unaifungua wewe. Hakuna anayekuuliza ulipata gredi gani ya Kemia.

Sasa hesabu za msichana wa umri uleule, mtaa uleule, bila cheti. Kuuza nyanya. Kuuza samaki. Kusuka. Kufua nguo za watu. Kazi ya nyumba. Ukiangalia vizuri, karibu yote haya ni kazi ya nyumbani iliyotolewa nje ikawekwa kando ya barabara. Na kwa vile milango ni michache, wote tunasukumana humohumo. Pita Nyalenda jioni uone kina mama kumi mfululizo, mafungu sawa ya nyanya, bei moja. Wa kumi na moja akifika, wateja hawaongezeki. Wanagawanywa tu vipande vidogo zaidi. Halafu mtu anakuja kuwafanyia semina ya "kufikiri kibiashara". Hao kina mama wanafikiri biashara tangu saa kumi alfajiri. Wanachokosa ni mlango wa pili.

Na tusidanganyane kwamba milango ya wanaume ilijifungua yenyewe. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo. Bei ikashuka, boda zikajaa kila kona ya nchi, na vijana wengi wasio na masomo wakapata riziki. Karibu wote ni wanaume. Sijawahi kusikia mtu akiiita sera hiyo mradi wa kuwainua wanaume. Iliitwa tu uchumi. Lakini mwaka wa 2004 Kenya ilipoondoa VAT kwa sodo, tuliambiwa hiyo ni ya wasichana, na mpaka leo tunakumbushwa tushukuru.

Mfano wa karibu. Muhula niliotoka chuoni, alitoka pia kijana mmoja tuliyekuwa naye darasa moja. Yeye alienda kwa mjomba wake anayefunga intaneti majumbani. Wiki ya kwanza alibeba ngazi. Kufikia mwaka wa pili alikuwa na vifaa vyake na vijana wawili chini yake. Mimi nilienda ofisi moja mjini, siitaji, iliyokuwa inatafuta mtu wa kupokea wageni. Kupokea wageni, kujibu simu na, kama ilivyokuja kujulikana, kupika chai. Walitaka diploma. Nikauliza diploma ya nini. Bosi wa pale akaniambia, "Madam, tunataka tu kuwa na uhakika wewe ni mtu wa maana." Nikitoka nikamuuliza mlinzi wa langoni, anayeshikilia usalama wa jengo zima, yeye aliingiaje. Akacheka. "Sista, mimi niliitwa na jirani."

Ukitaka kuelewa tofauti ya elimu kwa mwanaume na kwa mwanamke, anzia kwa huyo mlinzi. Yeye aliaminiwa kwanza. Mimi nililetewa bili ya kuaminiwa.

Tuje kwenye namba, maana hapo ndipo timu ya ufunguo hupiga makofi mapema. Wanauchumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos wamekusanya kwa miaka mingi tafiti za nchi nyingi kuhusu faida ya kusoma. Katika mapitio yao ya 2018 walionyesha kwamba, kwa wastani wa dunia, kila mwaka wa ziada darasani huongeza mapato ya mtu kwa karibu asilimia 9, na kwamba kwa wanawake ongezeko hilo ni kubwa kuliko la wanaume, kwa takriban pointi 2 za asilimia. Ukisoma mbiombio unasema: si unaona, elimu inampenda mwanamke!

Polepole. Asilimia ya nini? Chukua namba za mfano tu, nazibuni hapa mezani. Msichana bila cheti anapata shilingi 200 kwa siku. Akisoma anapata 400. Amepanda kwa asilimia 100. Kijana bila cheti anapata 500 kwa siku. Akisoma anapata 700. Amepanda kwa asilimia 40. Ripoti itaandika, na haitakuwa imedanganya, kwamba elimu imemfaidi msichana mara mbili na nusu kuliko kijana. Lakini angalia tena mifuko. Msichana aliyesoma, na 400 zake, bado yuko chini ya kijana asiyesoma mwenye 500. Asilimia yake ni kubwa kwa sababu alianzia shimoni. Kile ripoti inachosherehekea kama utamu wa elimu kwa mwanamke ni, kwa sehemu kubwa, kipimo cha adhabu anayopewa akikosa elimu, adhabu ambayo kaka yake hapewi.

Hapo pia ndipo unamwelewa yule wa pikipiki tatu. Anaposema shule isingemwongezea mengi, huenda anasema kweli kabisa. Ukweli wake. Kosa lake ni kuugawa bure kwa dada yake kama ushauri.

Tuna ushahidi wa karibu kuliko wastani wa dunia. Busia, majirani zetu hapo juu ya ziwa, wamechunguzwa na wanauchumi mpaka wamezoea maswali. Mwaka wa 1998 shule za msingi za huko zilianza kupewa dawa za minyoo chini ya mradi uliofuatiliwa na watafiti. Shule nyingine zilipata mapema, nyingine zikapata baadaye. Kama miaka kumi hivi baadaye watoto hao walitafutwa, wakiwa watu wazima. Matokeo yalichapishwa 2016 na Sarah Baird, Joan Hamory Hicks, Michael Kremer na Edward Miguel. Dawa ilikuwa ileile kwa wote. Wanaume waliopata mapema walikuwa wanafanya kazi saa nyingi zaidi kwa wiki, asilimia 17 zaidi, na walipatikana zaidi kwenye kazi za viwandani. Wanawake waliopata mapema walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa karibu robo, ya kuwa wameingia sekondari, na walikuwa wamehama kiasi kutoka shamba la chakula kwenda mazao ya kuuza na biashara ndogondogo. Mimi naisoma hivi: mvulana mwenye afya alienda moja kwa moja kazini, msichana mwenye afya alienda kwanza kutafuta kiingilio. Kila mmoja alipeleka nguvu zake kwenye mlango uliokuwa wazi.

Utafiti mwingine wa hukohuko, wa Owen Ozier, uliochapishwa 2018, uliwaangalia waliokuwa karibu na alama ya kuingia sekondari: waliopita kwa nywele na waliokosa kwa nywele. Kwa wanaume, sekondari ilipunguza kubanwa kwenye vibarua vya kujiajiri visivyo na ujuzi, na kukawa na dalili za kupata ajira rasmi zaidi. Kwa wanawake, matokeo yaliyojitokeza wazi yalikuwa kupungua kwa mimba za utotoni. Sichezei hilo hata kidogo. Kwa takwimu za afya za 2022, Homa Bay ilikuwa na asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba, wakati nchi nzima ilikuwa 15. Msichana asiyezaa akiwa na miaka 16 amepata kitu kikubwa. Lakini sikiliza vile tumezoea kuliongea jambo hili. Faida ya kijana kusoma ni kazi. Faida ya msichana kusoma ni balaa ambalo halikumpata. Sasa mwambie mwenye nyumba mwisho wa mwezi kwamba huna kodi ila kuna balaa halikukupata.

Ukitaka kuona mpaka cheti kinapoishia nguvu, shuka ufuoni. Zamani samaki akishafika nchi kavu alikuwa mikononi mwa wanawake: kununua, kukausha, kubanika, kupeleka sokoni. Kisha mbuta akajaa ziwani, na miaka ya 1980 viwanda vikaja kuchuna minofu na kuisafirisha Ulaya. Malori yenye barafu yakaanza kununua moja kwa moja kutoka kwa mitumbwi. Kina mama wa Obunga wakabaki na kinachotoka kiwandani baada ya nyama kuondolewa: kichwa na mifupa. Tunakiita mgongo wazi. Wanakikaanga, wanakiuza, na watoto wao wanaenda shule kwa pesa hiyo. Mama mmoja wa pale alinijibu nilipomuuliza kuhusu masomo, "Nyathina, mimi nilimaliza la nane na nilipita vizuri. Mafuta hayaniulizi alama."

Na kuna jaboya. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa, ila kwa wa mbali: ni ule mpango ambapo mwanamke anayetaka samaki wa kuuza analazimika kulala na mvuvi ndipo auziwe. Umesambaza Ukimwi kando ya ziwa hili na umekomaza aibu isiyowahusu wanaoaibishwa. Tumeambiwa dawa yake ni kuwaelimisha wanawake. Kuwaelimisha nini? Hakuna mwanamke ufuoni asiyejua jaboya ni mbaya. Mwenye KCSE na asiye nayo wanasimama kwenye mchanga uleule wakingoja mtumbwi uleule, na mtumbwi ni wa mwanaume, nyavu ni za mwanaume, na mila ilisema mwanamke asipande kwenda kuvua.

Ndiyo maana kisa cha Nduru kinafaa kufundishwa shuleni. Mwaka wa 2011 kina mama wa ufuo huo, wakiongozwa na Justine Adhiambo Obura, walianza kupata mitumbwi yao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, chini ya kikundi walichokiita No Sex for Fish. Waliajiri wanaume wakavue, na samaki wakarudi kwa mwenye mtumbwi, yaani mama. Haikuwa muujiza. Mitumbwi ya mbao huoza, na mafuriko ya 2020 yalikifunika kijiji chenyewe na kuwahamisha watu. Lakini kwa muda ule mwanamke mwenye mtumbwi hakuwa na haja ya kulala na mtu ili apate samaki, na hakuna aliyekuwa amemwongezea hata muhula mmoja wa shule. Aliongezewa mali.

"Basi unasema wasichana wasisome?" Hapana, na ukinisoma hivyo umenisoma kwa hila. Cheti kimefungua milango huku kwetu tangu zamani. Grace Onyango alikuwa mwalimu kabla ya kuwa meya wa Kisumu mwaka wa 1965, na mwaka wa 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni nchini. Grace Ogot wa Asembo alikuwa muuguzi kabla dunia haijamjua kwa vitabu vyake. Lakini tazama walipopitia: ualimu na uuguzi. Hata aliyesoma alionyeshwa mlango wa kufundisha watoto na wa kuuguza wagonjwa.

Na ukishaingia, ada haijaisha. Sheria ya ajira ya 1976 ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi miwili, halafu ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo. Yaani kuzaa kulihesabiwa kama mapumziko. Ilichukua mpaka sheria ya 2007 kuondoa kichekesho hicho, na sheria hiyohiyo inasema watu walipwe sawa kwa kazi ya thamani sawa. Nzuri sana kwenye karatasi. Ila utadaije malipo sawa kama mshahara wa mwenzako ni siri, na kama kazi yake ilipewa jina lingine ili isifanane na yako? Ongeza na saa. Utafiti wa KNBS wa 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha wanawake wakitumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Digrii mbili zinazofanana zikiingia ofisini, moja imeshapika, imeshaogesha mtoto, na saa kumi na moja jioni inakimbilia nyumbani. Ile nyingine inabaki kunywa soda na bosi. Mwaka ukiisha, ile iliyobaki inasemekana ina "moyo wa kujitolea".

Najua swali linalokuja: na mtoto wa kiume je? Kando ya ziwa wavulana wanaacha shule kwa sababu ya omena na boda, wengine wanazama, wengine wanaishia wadi za mifupa. Kweli tupu, na inaniuma, nina kaka. Lakini hata hiyo inathibitisha ninachosema. Anaacha kwa sababu pesa ya leo iko na inamwita. Mlango ulio wazi mapema unaweza kuwa mtego. Ila mtego wake na ukuta wangu ni shida mbili tofauti, na huwezi kuzitibu kwa bango moja lenye picha ya kitabu.

Kwa hivyo, kabla ya mtu kunipigia tena hotuba, ningetaka haya. Kaunti za ziwa zikijenga soko, zijenge ndani yake mahali pa kulelea watoto, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni anauza nusu ya siku. Pesa za vikundi vya wanawake zitoke kwenye semina ziende kwenye mitumbwi, injini na majokofu, zikiandikwa kwa majina yao. Vyuo vya ufundi visitosheke kumsajili msichana kwenye uchomeleaji apigwe picha. Vimtafutie gereji itakayomshika baada ya picha. Ofisi zikitangaza kazi ziandike mshahara, na zieleze diploma ya kupika chai ni ya nini. Na wewe wa pikipiki tatu, kama shule ni skamu kweli, niuzie moja kwa bei uliyonunua, unifundishe kuiendesha, kisha uniandalie nafasi stejini pale bila wenzako kuniuliza bwanangu yuko wapi. Baada ya mwaka tutalinganisha mifuko.

Sasa naongea na msichana aliye sekondari pale Mbita au Usenge, anayesoma hii kwa simu ya kuazima. Maliza. Usimsikize mtu mwenye mlango wa nyuma akikwambia mlango wa mbele hauna maana. Sikuahidi utajiri, na anayekuahidi anakuuzia kitu. Nakwambia maliza kwa sababu kwa sasa wanakudai kiingilio, na ni bora ukiwa nacho ukagombana ukiwa ndani. Na siku wakikupa kazi, usianze na kushukuru. Muulize mwenzako wa kiume analipwa ngapi.